Lettow-Vorbeck: Jenerali aliyewaachia askari wake vyeti vya deni, wakalipwa Mwanza miaka 46 baadaye

Kwenye vyuo vya kijeshi duniani anatajwa kama mmoja wa makamanda hodari wa vita vya msituni. Kwao Ujerumani, kambi za jeshi na mitaa vilipewa jina lake, halafu baadaye sehemu nyingi zikalifuta. Huku kwetu alizunguka na askari Waafrika kutoka Tanga hadi Msumbiji na Zambia kwa miaka minne, na hakuna aliyemkamata.

Jina lake kamili ni Paul Emil von Lettow-Vorbeck. Alikuwa mwanajeshi wa kazi, afisa wa askari wa miguu, na jeshi lake katika Afrika Mashariki ya Kijerumani liliitwa Schutztruppe. Wengi waliolijaza walikuwa vijana wa huku huku, wakiwemo Wasukuma na Wanyamwezi.

Vita ilipoisha mwaka 1918 hakuwa na hela ya kuwalipa. Akawaandikia vyeti. Deni lile lilikuja kulipwa mwaka 1964, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki, na ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza.

Hii ndiyo habari yake.

KUZALIWA NA KUINGIA JESHINI

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Prussia, na ukoo wao ulikuwa wa watu wa jeshi. Kijana akapelekwa shule ya kijeshi tangu mdogo, akatoka huko akiwa ofisa.

Mwaka 1900 alipelekwa China, kwenye kikosi cha mataifa mbalimbali kilichokwenda kuzima uasi wa Boxer. Huko ndiko alikoanza kuwaona Waingereza kwa karibu na kujua wanavyoendesha jeshi lao.

Mwaka 1904 akapelekwa Namibia, wakati huo koloni la Ujerumani. Alikuwa msaidizi wa Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyeamuru Waherero waangamizwe. Makumi ya maelfu ya Waherero na Wanama walikufa kwa risasi, kiu na kambi za mateso. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari.

Lettow-Vorbeck alikuwepo. Mwaka 1906 alijeruhiwa jicho la kushoto akipigana na Wanama, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Alichojifunza kwa Wanama kilimsaidia baadaye: kikundi kidogo kinachoijua nchi kinaweza kulisumbua jeshi kubwa muda mrefu.

ANATUA DAR ES SALAAM

Januari 1914 alifika Dar es Salaam akiwa Luteni Kanali, kuchukua ukamanda wa Schutztruppe. Alikuwa na kombania 14 zilizotawanyika nchi nzima, zenye Wajerumani kama 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Kombania ya 7 ilikaa Bukoba, na ya 14 ilikaa Mwanza.

Askari hao walikuwa na vyeo vyao ambavyo wazee wa zamani bado walivikumbuka: ombasha, shaushi, efendi. Walilipwa vizuri kuliko watu wengi wa wakati ule. Wake na watoto wao waliishi nao kambini, na kwenye safari za vita waliandamana nao.

Kamanda mpya hakukaa ofisini. Alizunguka nchi kukagua kombania moja moja, na alizungumza Kiswahili na askari wake.

Vita ilipolipuka Ulaya mwezi Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingie vitani. Lettow-Vorbeck akamgomea. Hesabu yake ilikuwa rahisi: koloni lake halina uwezo wa kushinda vita, ila likiwabana Waingereza huku, askari wengi wa Uingereza watashindwa kwenda kupigana Ulaya. Kwa hiyo lengo lake halikuwa kuilinda nchi wala watu wake. Ilikuwa kuwachelewesha maadui kadiri inavyowezekana.

TANGA, NOVEMBA 1914

Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya Tanga zikiwa na askari kama 8,000, wengi wao kutoka India. Lettow-Vorbeck aliwaleta watu wake kwa treni kutoka Moshi. Walipokusanyika wote walikuwa kama 1,000 tu.

Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4. Watu walipigania mitaani na mashambani, nyuki nao wakaingia kati, wakawauma askari wa pande zote. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa pili hasara ilikuwa kama watu 150, na miongoni mwa waliokufa ni Kapteni Tom von Prince, yule aliyepigana na Mtemi Isike wa Unyanyembe na baadaye na Wahehe.

Waingereza walipanda meli zao wakaondoka. Nyuma waliacha bunduki, bombomu na risasi zipatazo 600,000. Silaha zile zilivisha kombania kadhaa mpya.

Januari 1915 akashinda tena huko Jassin, karibu na mpaka wa pwani. Lakini ushindi ule ulimgharimu maofisa wengi na risasi nyingi. Akaona akipigana hivyo mara tatu zaidi atakuwa amekwisha. Kuanzia hapo akabadili mbinu: vikundi vidogo vikawa vinavuka mpaka usiku kwenda kulipua reli ya Uganda.

VITA ZIWA VICTORIA

Huku kanda ya ziwa mambo yalikuwa tofauti. Ziwani Waingereza walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo, na sababu kubwa ni reli.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Meli zililetwa vipande vipande kwa treni na kuungwa pale pale. Wajerumani walikuwa na reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, lakini Mwanza haikuwa na reli. Treni ilifika Mwanza mwaka 1928, wakati nchi iko mikononi mwa Waingereza. Kwa hiyo wakati wa vita, kila kitu cha kwenda Mwanza kilipita kichwani mwa mpagazi, mwendo wa majuma kutoka Tabora.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Askari wa KAR wakaletwa haraka kutoka Kisumu, wakapigana tarehe 12, na pande zote mbili zikarudi nyuma zikiwa na majeraha.

Juni 1915 ikawa zamu ya Bukoba. Waingereza walitoka Kisumu kwa meli na zaidi ya askari 1,000, wakashuka tarehe 22. Walitaka kuuangusha mnara wa simu ya upepo, uliokuwa unawapa Wajerumani mawasiliano. Baada ya siku mbili za mapigano waliuchukua mji, wakaubomoa mnara, na askari wakaingia madukani na majumbani kupora. Halafu wakapanda meli wakaondoka. Wenyeji ndio waliobaki na mji ulioharibiwa.

Miongoni mwa waliopigana Bukoba upande wa Waingereza alikuwemo mwindaji maarufu Frederick Selous, akiwa na zaidi ya miaka 60. Aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na akazikwa huko huko. Pori la akiba lililoitwa kwa jina lake ndilo ambalo sehemu yake kubwa mwaka 2019 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mwanza yenyewe ilishikilia hadi 1916. Juni mwaka huo Waingereza waliteka kisiwa cha Ukerewe. Mwezi Julai, chini ya Sir Charles Crewe kutoka Afrika Kusini, wakashusha askari mashariki ya mji. Wajerumani walipoona wanazungukwa, waliuacha mji na kushika njia ya Tabora. Tarehe 14 Julai Waingereza waliingia Mwanza. Utawala wa Kijerumani kando ya ziwa ukaishia hapo.

Crewe alitaka kuwahi Tabora, ila Wabelgiji waliotokea Kongo chini ya Jenerali Tombeur walimtangulia, wakaingia tarehe 19 Septemba 1916.

ANAKIMBIZWA, HAKAMATIKI

Wakati huo Lettow-Vorbeck mwenyewe alikuwa anarudi nyuma kutoka Kilimanjaro. Mapema 1916 Waingereza walimleta Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini na jeshi kubwa. Dar es Salaam ikaanguka mwanzoni mwa Septemba.

Jeshi la Lettow-Vorbeck lilipokuwa kubwa kabisa halikuzidi watu 15,000 hivi. Katika vipindi mbalimbali, waliotumwa kumtafuta walikuwa zaidi ya 100,000, kutoka Uingereza, India, Afrika Kusini, Nigeria, Ghana, Kenya, Uganda, Malawi, Kongo na Ureno.

Malaria na kuhara viliwaondoa wengi wao kuliko risasi. Farasi wa Smuts walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Upande wa pili, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, walitengeneza dawa ya kwinini kwa magome ya miti. Ilikuwa chungu mno, lakini iliwasaidia.

Meli ya vita ya Königsberg ilipoharibiwa mto Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa majini ikaenda kutumika nchi kavu. Hela zilipokwisha, karakana ya reli ya Tabora ilifua sarafu za dhahabu ya Sekenke.

Oktoba 1917 ikawa vita kubwa ya Mahiwa, mkoani Lindi, siku nne mfululizo. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000. Lettow-Vorbeck alipoteza mamia, na hakuwa na wa kuwafidia. Alipandishwa cheo kuwa Meja Jenerali kwa ushindi ambao ulimlazimu kuondoka nchini.

Mwezi Novemba aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akachagua wenye nguvu, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Akaishi kwa kuteka bohari za Wareno. Karibu mwaka mzima baadaye akarudi Tanganyika, akapita kusini magharibi na kuingia Zambia.

NANI ALIYELIPA GHARAMA

Hapa ndipo sifa za kamanda huyu zinapoingia doa.

Jeshi lake halikuwa na magari. Chakula lilichukua vijijini. Mahali lilipopita, maghala ya mtama na mahindi yalibaki matupu, ng'ombe walikwenda, na wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, wengine kwa kufungwa kamba. Waingereza na Wabelgiji waliokuja nyuma yake walifanya hivyo hivyo. Kijiji kimoja kiliweza kuporwa mara mbili au tatu.

Ugogo ilipata njaa kubwa iliyopewa jina la Mtunya, ikaua watu kwa maelfu mengi. Mwishoni mwa 1918 mafua ya dunia yakawakuta watu tayari hawana nguvu, yakaondoka na makumi ya maelfu wengine.

Waingereza peke yao waliandika wapagazi karibu milioni moja katika vita hii, na waliokufa wanakadiriwa kuwa si chini ya 95,000. Kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyozaa jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Upande wa Wajerumani, wapagazi wengi hata majina yao hayakuandikwa.

Na ile habari kwamba askari wote walimfuata kwa uaminifu hadi mwisho, si kweli yote. Maelfu walitoroka au walipotea njiani, hasa safari ilipozidi kuwasogeza mbali na kwao. Waliobaki walikuwa na sababu zao: mshahara uliokuwa bado unadaiwa, familia zilizokuwa kwenye msafara, na hofu ya kuachwa nchi ya ugeni. Wengine waliotekwa waliingia upande wa pili. Mwaka 1917 Waingereza waliunda upya Kikosi cha 6 cha KAR, na kikajazwa na askari wengi waliokuwa wa Wajerumani.

VYETI VYA ABERCORN

Vita iliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck alikuwa Zambia, hana habari. Alipata taarifa siku mbili baadaye, Waingereza walipokamatwa na barua karibu na mto Chambeshi.

Tarehe 25 Novemba alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Alikuwa na Wajerumani 155, askari wapatao 1,150 na wapagazi kwa maelfu pamoja na wanawake.

Askari wale walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Kamanda hakuwa na kitu mfukoni, na serikali iliyomtuma ilikuwa imeanguka. Akawapa vyeti vya kuthibitisha utumishi wao na kile wanachodai. Askari wakatawanyika, kila mtu kwao, na karatasi yake.

SHUJAA BERLIN, KISHA MATATIZO

Machi 1919 alipita Lango la Brandenburg mjini Berlin akiwa juu ya farasi, watu wakimshangilia. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita na ilitafuta mtu wa kujivunia.

Mwaka huo huo aliongoza askari kuingia Hamburg kuzima vurugu za wananchi wenye njaa. Machi 1920 akaunga mkono mapinduzi ya Kapp, jaribio la wanajeshi kuipindua serikali changa ya kidemokrasia. Mapinduzi yalikufa baada ya siku chache, na yeye akatolewa jeshini mwaka huo.

Akahamia Bremen, akafanya biashara. Kati ya 1928 na 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wahafidhina wa kizalendo. Vitabu vyake vya vita viliuzwa sana, na vilisaidia kueneza fikra kwamba Ujerumani irudishiwe makoloni yake.

Hitler alipoingia madarakani hawakuelewana vizuri, lakini utawala ule ulitumia jina lake, na mwaka 1938 ulimpa cheo cha heshima cha jenerali. Watoto wake wawili wa kiume waliuawa katika Vita ya Pili ya Dunia, na nyumba yake ikabomolewa na mabomu. Baada ya vita aliishi kwa shida, hadi Smuts, aliyekuwa adui yake, akawa anamtumia vifurushi vya chakula.

Mwaka 1953 alirudi Afrika Mashariki akiwa na miaka 83. Dar es Salaam, askari wake wa zamani walijitokeza kumpokea, wakamuimbia nyimbo za jeshi.

MALIPO YA MWANZA, 1964

Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 94. Kwenye mazishi, waziri wa ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ndiye aliyesoma wasifu. Waziri huyo mwenyewe alizaliwa Usambara mwaka 1913.

Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari waliokuwa bado hai.

Kwa mujibu wa habari inayosimuliwa katika vitabu vya vita hii, mhasibu wa Kijerumani alifungua ofisi ya muda Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Shida ikawa ushahidi. Wachache tu walikuwa na cheti cha 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengi hawakuwa na chochote zaidi ya maneno yao, na miaka 46 ni mingi kwa karatasi kukaa katika nyumba ya nyasi.

Mhasibu akatafuta mtihani. Kila mzee aliyekuja mbele alipewa ufagio mkononi, kisha akapewa amri za gwaride la bunduki kwa Kijerumani. Inaelezwa kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea.

Mwaka huo suala la mshahara wa askari lilikuwa la moto nchini. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Kikosi hicho kilitokana na ile KAR ya 6 iliyojazwa na askari wa Lettow-Vorbeck. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikivunja, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaunda Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

KILICHOBAKI

Ujerumani imepunguza kumsifia. Kambi kadhaa za jeshi zilizokuwa na jina lake zimefungwa au kubadilishwa jina, na mji aliozaliwa uliondoa jina lake kwenye mtaa mwaka 2010. Hata dinosa mmoja aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, bado ana jina lake la kisayansi tangu 1919, Dysalotosaurus lettowvorbecki.

Dar es Salaam, pale ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, Waingereza waliweka Sanamu ya Askari mwaka 1927. Ile inawakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita hii.

Malipo ya Mwanza yaliwagusa askari waliokuwa hai mwaka 1964, na waliofika. Waliokufa kabla hawakupata. Wapagazi waliobeba risasi, vyakula na majeruhi wa jeshi lile hawakuwa na cheti wala hawakufundishwa gwaride, kwa hiyo mtihani wa ufagio haukuwahusu. Na upande wa Waingereza, mishahara ya wapagazi wengi waliofia njiani haikuzifikia familia zao hadi leo.